Sanduku la maswali kinyozini: shajara ya mradi, Huruma, Nairobi

Naandika haya kwa yeyote mwenye kinyozi, saluni, karakana au base ya boda boda anayetaka kuiga. Mimi ni kinyozi, si daktari. Mwenzangu katika kazi hii ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, ambaye wateja wangu wadogo humwita auntie, na mimi pia nimezoea kumwita hivyo ingawa tumelingana umri.

Wazo lenyewe ni dogo: sanduku la kuulizia kuhusu magonjwa ya zinaa bila kutaja jina. Kijana akikaa kitini amefungwa shuka shingoni, hana pa kwenda kwa dakika ishirini. Ataongea Gor Mahia, ataongea Arsenal, atamtukana refa, halafu ananyamaza kidogo na unaona kuna neno limemkaa mdomoni. Tulitaka neno hilo lipate pa kutua. Gharama nimeziandika zilivyotoka mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Tangu Marekani isimamishe misaada yake mwezi Januari, kituo kimoja cha karibu kilichokuwa kikipima vijana na kuwagawia kondomu kimefunga mlango. Auntie ndiye aliyesema tufanye kitu. Nimekwenda Kamukunji kwa mafundi wa masanduku ya shule, nikatengenezewa dogo la mabati lenye tundu la kutumbukizia karatasi: 900. Kufuli 200. Karatasi na kalamu 150. Nimeliweka kando ya mlango, chini ya kioo, na maandishi makubwa: ULIZA CHOCHOTE KUHUSU MAGONJWA YA ZINAA.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungua sanduku. Ndani: maganda ya peremende, sarafu ya shilingi kumi, karatasi ya mkeka wa kamari uliochomeka, na swali moja: "Arsenal watachukua kombe lini?"

Kosa ni langu. Kutoka kitini unaliona sanduku, kutoka benchi unaliona, na hata mama wa viazi ng'ambo ya barabara analiona. Nani atasimama mbele ya watu wote hao chini ya maandishi yale? Nimeyafuta, nimelihamishia chooni nyuma ya ploti.

Jumamosi, 5 Aprili

Chooni karatasi zimeongezeka, tisa kwa wiki mbili, lakini matatizo yamekuja matatu. Kalamu imeibwa mara mbili (sasa ni penseli iliyofungwa kwa uzi). Mvua ya masika imeingia kupitia paa na kulowesha karatasi nne zisisomeke. La tatu sikulitarajia kabisa. Kijana mmoja wa makanika, ninamnyoa kila wiki, aliniambia huku nikimchonga pembeni: "Boss, mimi siandiki. Mwandiko wangu unaujua."

Nilicheka, kisha nikaangalia daftari la madeni lililoning'inia ukutani. Kila anayekopa huandika mwenyewe jina lake na pesa anazodaiwa. Nusu ya vijana wa mtaa, miandiko yao ninayo.

Tulichobadilisha ni hiki, na kama unaiga kitu kimoja tu kutoka kwa shajara hii, iga hiki. Sanduku limerudi ndani, karibu na meza ya malipo. Kila mteja akilipa anapewa kikaratasi kilichokunjwa, na kila mteja anakitumbukiza, awe ameandika au hajaandika. Wengi huchukua cha leo wakarudisha wiki ijayo, na hiyo ni sawa. Mzee wa miaka sitini anatumbukiza, mtoto aliyeletwa na babake anatumbukiza. Na ufunguo ameuchukua auntie. Miandiko inasomwa na yeye, mimi napewa maswali aliyoyanakili kwenye kitabu chake.

Wiki ya kwanza: karatasi 61, zenye maneno 17.

Jumanne, 29 Aprili

Jumanne hakuna wateja wengi, kwa hiyo saa moja jioni tumefunga mlango nusu na kuweka chai na mandazi, 300. Wamekuja vijana kumi na moja, wote wa miaka 18 kwenda juu. Hilo tumelipanga mapema: Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inahesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto asiyeweza kukubali ngono. Wa chini ya hapo tunajibu maswali yao na kuwaelekeza kliniki, ila hatugawi kitu.

Nilinunua ndizi sita za kuonyeshea jinsi ya kuvaa kondomu, 60. Usifanye hivyo. Ndizi ya kwanza ilikatika mkononi mwangu nikiwa natoa hewa kwenye ncha, kipande kikaanguka ndani ya kikombe cha chai cha mtu. Kicheko kilichukua dakika kumi, na kilipoisha hakuna aliyekumbuka nilikuwa nimefika wapi. Mmoja akaniuliza, na nadhani hakuwa akitania, kama ndizi mbivu ni tofauti na mbichi.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa viti mwenye mashine ya kuchonga miguu ya meza. Alinikatia kipande cha mguu wa kiti, akakilainisha kwa msasa, 150. Hakuuliza, lakini alitabasamu mpaka nikatoka.

Nilichojifunza kwa kuwatazama wakijaribu kwenye mti ule: karibu wote walijua kuvaa, wachache walijua kuvua. Walikuwa wakisubiri mpaka mwisho kabisa. Kondomu hushikwa kwenye pete ya chini na kutolewa kabla uume haujalegea, la sivyo inabaki ndani au inamwagika. Wawili walipasua pakiti kwa meno. Na watatu walisema hutumia mafuta ya kujipaka ya mgando ili iteleze. Auntie alipaka mafuta hayo kwenye kondomu moja, akaisugua kidogo, akaivuta mbele yao. Ilichanika kama ganda la kitunguu. Mpira wa lateksi hauwezani na mafuta ya aina yoyote, yawe ya kupikia au ya kujipaka. Kilainishi ni kile chenye asili ya maji.

Hapo hakuna aliyecheka.

Jumanne, 13 Mei

Kasha la kondomu. Nilimlipa fundi 1,300 kwa kasha zuri la bati lenye mdomo wa kuchomolea, nikalipigilia nje kwenye ukuta wa kibanda, upande wa jua la mchana. Kondomu zenyewe auntie alizipata bure kituo cha afya.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja wa ploti yetu ameshika kitu cheupe kimejaa hewa, kimefungwa fundo. "Kinyozi, hizi baluni ni za sherehe ya nani?" Watoto walikuwa wameziona. Uwanja mzima ulikuwa na baluni. Niliomba radhi, na nilikuwa sijamaliza kuomba nilipoona mwingine amepita nayo juu ya fimbo.

Nikilishusha kasha niliona lina joto la kutoshikika. Nilinunua kipimajoto, 350, nikakiacha ndani siku moja: saa nane mchana kilisoma nyuzi 43. Pakiti za kondomu huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, mbali na jua. Kwa hiyo siku tatu nzima nilikuwa nawapa vijana mpira uliochemka. Nilizitupa zote zilizobaki. Aliyechukua nimemtafuta kadiri nilivyoweza, nikambadilishia. Ndiyo sababu pia ya kutokaa na kondomu kwenye pochi ya mfuko wa nyuma wiki nzima: joto la mwili na kukaliwa.

Marekebisho: droo ya mbao chini ya meza ya malipo, 1,400, yenye kivuli na kavu. Tunatia mbilimbili ndani ya bahasha ndogo za khaki (mia moja kwa 200), zilezile ninazotumia kuwekea wateja wembe wao. Mteja akisema "nipe bahasha" hakuna anayejua ni ya nini. Kwa watoto tatizo limeisha. Kwa aliye na miaka 17 na ndevu, siwezi kudai kwamba sijawahi kukosea.

Jumamosi, 14 Juni

Leo naandika aibu. Tumekuwa tukibandika majibu ukutani kila Jumamosi, karatasi moja. Wiki iliyopita auntie alikuwa mazishini, nikajibu swali moja peke yangu. Mtu aliuliza kidonda cha kaswende kinakuwaje. Niliandika: "Ni kidonda kinachouma sana."

Daktari wa kliniki tunayoelekeza vijana alipita kunyolewa, akasoma ukuta kupitia kioo, akaniambia nizime mashine. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi. Hutokea wiki kama tatu baada ya kuambukizwa, wakati mwingine zaidi, na hupona chenyewe baada ya wiki chache, ndiyo maana mtu hudhani ameponyoka kumbe vijidudu vimo ndani ya mwili. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa likimwambia mwenye kidonda kisichouma aende nyumbani akalale.

Sikuling'oa. Nimelikata kwa mstari mwekundu, nikaandika chini yake KINYOZI ALIKOSEA na jibu sahihi. Wiki hii karatasi zenye maneno zimekuwa 24, nyingi kuliko wiki yoyote. Sijui kama ni kwa sababu ya lile kosa. Kanuni mpya: hakuna jibu linalopanda ukutani kabla auntie au daktari hajalisoma.

Swali jingine lilinihusu moja kwa moja: "Mashine yako inaweza kuniambukiza?" Jibu la kweli ni ndiyo, ikichana ngozi na isisafishwe. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na hupita pia kwa ngono. Kile kisanduku cha taa ya buluu tunachowaonyesha wateja hakiondoi damu iliyokauka. Tangu leo wembe ni mpya kwa kila kichwa, na meno ya mashine yanapigwa mswaki kwanza, kisha dawa ya kuua viini kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Foleni imerefuka. Wamelalamika wawili.

25 Juni hadi 7 Julai

Hakuna kazi. Maandamano ya tarehe 25, kisha yale ya Saba Saba, duka limefungwa siku hizo zote mbili na katikati yake watu hawakuwa na moyo wa kunyoa. Vikao viwili vimefutwa.

Jumamosi, 12 Julai

Huyu kijana amenipa ruhusa nimwandike bila jina. Alianza kutokwa na usaha na kukojoa kwa maumivu siku chache baada ya kulala na mpenzi wake. Alikwenda kwa kemisti, akaeleza kwa kunong'ona, akauziwa vidonge. Akanywa nusu, maumivu yakapungua, nusu akampa rafiki yake mwenye shida kama hiyo. Wiki mbili baadaye hali ikarudi. Akanunua tena. Mara ya tatu ndipo alipotumbukiza karatasi: "Kisonono changu hakisikii dawa."

Tulimwelekeza kliniki. Alirudi siku hiyohiyo amenuna. Kwenye dirisha la kuandikisha, mtu aliyekuwa zamu alimuuliza kwa sauti ugonjwa wake, na aliposita akaambiwa, "Sema, ama ulipokuwa ukiutafuta uliona haya?" Foleni nzima ikageuka. Akaondoka.

Nilikasirika nikataka kwenda kugombana. Auntie alikataa, na alikuwa sahihi: ningemharibia kila atakayefuata. Alizungumza na daktari wetu wakakubaliana hivi: Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane, mwenye kadi ya kijani isiyo na maandishi yoyote anapita moja kwa moja hadi mlango wa mwisho. Kadi nimezikata kutoka kwa boksi la mashine ya kunyolea. Gharama: sufuri. Kijana wetu alikuwa wa kwanza kuitumia.

Kumbe dawa aliyokuwa akinywa ilikuwa ya mafua ya kifua. Kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, na dozi nusunusu ndizo zinazokifundisha ujanja. Tena mara nyingi hutembea na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ndiyo maana daktari alimtibu yote mawili, sindano na vidonge. Lakini hata hivyo angerudi palepale kama daktari hangemuuliza kuhusu mpenzi wake. Msichana hakuwa na dalili yoyote. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana, huku ugonjwa ukipanda polepole kuelekea mirija ya uzazi. Walitibiwa wote wawili, wakaambiwa wakae siku saba bila kukutana. Pia walipimwa virusi vya ukimwi, na wataambiwa warudi baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi ya karibuni yanaweza kukosa kuonekana kwenye kipimo cha leo.

Alichoniuliza mwishoni kitini: "Ni mimi tu mtaani?" Auntie alikuwa benchini. Akamwambia kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, duniani kila siku watu hupata maambukizi zaidi ya milioni moja ya magonjwa ya zinaa yanayotibika. Kijana akafikiria, akasema, "Basi hao wote wangetuma kadi."

Kondomu za bure zimeisha kituoni. Nimenunua kwa jumla za 1,800.

Jumamosi, 2 Agosti

Miezi mitano, na msichana hajauliza kitu. Bila shaka: hiki ni kinyozi. Ilituchukua muda wa kijinga kuliona. Dada wa saluni mlango wa pili amekubali sanduku lake: 900 na kufuli 200. Kanuni ni ileile, kila mteja anatumbukiza.

Maswali ni tofauti kama usiku na mchana. Wavulana huuliza kuhusu dalili. Wasichana huuliza namna ya kumwambia mtu. "Nikimwambia avae ataniuliza nani mwingine." "Akisema ananiamini, mimi nisemeje?" Na mara sita kwa wiki moja: P2 inazuia kisonono? Haizuii. Ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vinafanya kazi vizuri zaidi kadiri vinavyomezwa mapema, na havigusi ugonjwa wowote wa zinaa wala virusi vya ukimwi.

Mama mmoja mteja wa saluni alisema tunawafungua watoto macho. Dada hakubishana. Alimwambia tu kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliona asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba, kisha akaendelea kumsuka. Yule mama alikaa kimya mistari miwili ya nywele. Alipolipa, aliandika kitu kwenye kikaratasi chake.

Jumanne, 19 Agosti

Jumamosi auntie alifungua sanduku la saluni kama kawaida. Karatasi moja ilisema: "Kuna mtu mkubwa nyumbani huja kwangu usiku. Nikisema tutafukuzwa."

Hakuna jina. Tulilitengeneza sanduku makusudi lisiwe na jina. Na tulikuwa tukilifungua mara moja kwa wiki, kwa hiyo karatasi hiyo huenda ilikaa humo siku moja, huenda siku sita. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kubakwa huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Wiki ina saa 168. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesimama, nikakaa.

Yaliyobadilika tangu Jumamosi usiku: masanduku yote mawili yanafunguliwa kila jioni. Ndani ya kila kikaratasi sasa kumepigwa chapa kwa herufi ndogo nambari mbili za bure, 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia, na maneno "kliniki ndani ya saa 72, hata bila ripoti ya polisi". Uchapishaji 240. Tumebandika vilevile nyuma ya mlango wa choo. Dada wa saluni anawatazama wateja wake wadogo kwa jicho jingine, bila kuuliza. Auntie amemwarifu afisa wa watoto kwamba karatasi ipo, ingawa hana wa kumtafuta.

Hajaandika tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Hesabu: pamoja na chai ya vikao vitano (1,500), tumetumia shilingi 9,350. Kati ya hizo, 1,710 zilipotea moja kwa moja: kasha la bati, ndizi, na kipimajoto, ambacho sasa mke wangu anakitumia kwa vifaranga. Ukianza leo kwa kufuata tulipofika, sanduku, kufuli, karatasi, droo, bahasha na kipande cha mti havizidi 3,000. Kadi za kijani zimetumika 19. Waliorudi kuniambia walizomewa dirishani: mmoja.

Base ya boda boda ya pale kona wameomba sanduku lao. Shida ni kwamba wao hawatoi risiti wala chenji ya kuambatanisha na kikaratasi, na bila kila mtu kutumbukiza tutarudi kwenye maganda ya peremende. Mwenyekiti wao anapendekeza iwe wakati wa mchango wa kila Ijumaa. Tutajaribu wiki mbili.

Jioni hii, masanduku mawili: karatasi 33, zenye maneno 12. Moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa shule: "Dada yangu wa miaka 10 amechanjwa HPV shuleni. Mimi ni mvulana. Yangu iko wapi?" HPV ni virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo yake ya serikali, tangu ilipoanza Oktoba 2019, ni ya wasichana. Auntie amekunja karatasi hiyo akaitia kwenye mkoba. Jumatatu anapita hospitali mbili za kulipia kuuliza bei.